Pumba ni za Mashine

Marahaba yake ilikuwa inakufikia kabla wewe hujamfikia. Bado uko mbali, unatafuta pa kukanyaga kwenye tope jekundu, kanga umeishikilia isichafuke, shikamoo iko kooni haijatoka, na yeye ameshainua mkono: "Marahaba, marahaba, hamjambo huko?" Nimeishi naye kijiji kimoja miaka mingi, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumtangulia. Heshima alikuwa anaichukua mwenyewe, hasubiri apewe.

Isipokuwa wakati wa kampeni. Hapo alikuwa anawapa shikamoo watu aliowaona wakibatizwa, tena kwa kuinama na kofia mkononi, mpaka vijana wakawa wanakata kona kwa aibu wakimwona anakuja. Kura zikishahesabiwa, mgongo unanyooka na marahaba inarudi kazini.

Nitamwita Mheshimiwa, kwa sababu ndilo jina alilolipenda kuliko lile la ubatizo. Zamani tulimwita Mwenye Mashine. Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, babu yake alikuwa nani, waulizeni waliokuwa wanamwandikia risala. Walikunywa soda nyingi kwa kazi hiyo. Mimi ni mwalimu mstaafu, mtu wa Kondoa, niliyeletwa huku milimani Mbinga na barua ya uhamisho nikiwa bado msichana, nikaolewa, nikabaki. Wananiita Mwalimu Mswahili, maana kwa Wamatengo wengi Mswahili ni Mwislamu, hata kama Kiswahili chenyewe tunakiongea wote. Sina ugomvi na jina hilo. Ugomvi wangu ni na Mheshimiwa, na nausema mapema ili mtu asije akadhani amekuja kusoma sifa.

Alianza na mashine ya kusaga. Ilikuwa bondeni, karibu na daraja, na kwa muda mrefu ilikuwa peke yake. Ukiikosa hiyo, unatembea mpaka Mkumbi. Wanawake wa ng'ambo ya mto, upande ninaokaa mimi, walishuka mteremko na mahindi kichwani, wakapanda na unga kichwani. Ndani kulikuwa na vinu viwili, cha kukoboa na cha kusaga, na kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyekumbuka ilitungwa na nani. Ukikoboa, sembe ni yako, pumba zinabaki. Mimi mgeni nikauliza zinabaki kwa nini. Mwenye Mashine, wakati huo kijana mwenye vumbi la unga kwenye nyusi, alinijibu kwa upole kabisa.

"Mwalimu, pumba ni za mashine."

Alisema kama mtu anavyosema Jumapili watu wanakwenda Misa. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaitikia kwa kichwa, na mimi nikanyamaza, kwa kuwa mgeni haulizi mara mbili. Pumba hizo zililisha nguruwe wake, nguruwe wakanunua lori, lori likawa linateremka ziwani na unga na kupanda na usipa, wale dagaa wa Nyasa, na usipa ukajenga nyumba ya bati la rangi. Watu husema alitajirikia kwenye kahawa. Kahawa alikuja kuinunua baadaye, kitambi tayari anacho. Utajiri wake wa kwanza ulikuwa maganda ya mahindi ya akina mama.

Sasa niseme jambo linaloniudhi, nilimalize. Siku ile ile ya kwanza aliniita pembeni. "Wewe Mswahili, Mwalimu. Usiwe na wasiwasi, zako siwapi hao kitimoto, nguruwe wangu. Zako nitamwekea ng'ombe." Nikajua ni utani wa sokoni. Lakini kwenye kona ya stoo kiliwekwa kiroba cha peke yake, na kila nilipokoboa, pumba zangu zilikwenda humo, na ng'ombe alikuwepo kweli, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso; nilimwona kwa macho yangu akizila. Hakuna aliyemtuma afanye hivyo. Hata baadaye, tulipofikia kusalimiana kwa meno tu, kiroba kile kilibaki pale pale. Mtu mbaya asiye na jema hata moja ni rahisi kumchukia. Huyu alinipa kazi.

Mwaka mmoja mvua zilikatika mahindi yakiwa yanachanua. Watu wakaanza kusaga dona, punje nzima na ganda lake, ili kisipotee kitu. Mwenye Mashine akabandika tangazo mlangoni kwamba mashine haisagi dona kwa sababu inaharibu chekeche. Kila mtu akoboe kwanza. Tukakoboa. Unga ukapungua kwenye ndoo zetu, na pumba zikapanda kwenye stoo yake mpaka usawa wa dirisha.

Njaa ilipobana kweli, aliitisha mkutano. Akapanda juu ya lori lake, spika mbili zimefungwa kwenye mabomba, akatangaza kwamba moyo wake umeshindwa kuvumilia, na kwamba atagawa pumba bure kwa kila kaya. Kuna watu walilia. Pumba ukizipepeta vizuri, ukachanganya na unga wa muhogo, unapata uji wa kumshikilia mtoto mpaka jioni. Tulipanga mstari kutoka mashineni hadi darajani, na kila mama aliyepokea kiroba alipewa kipaza sauti aseme neno.

Nyuma yangu alikuwa jirani yangu, Mama Edeltruda, mwanamke mfupi asiyejua kunong'ona vizuri.

"Mwalimu, hizi si zetu?"

"Nyamaza upate kwanza."

"Nauliza tu. Hizi si ndizo tulizoziacha?"

Watu wa mbele wakageuka, mimi nikamkanyaga mguu. Nilipofika kwenye lori nilishika kipaza sauti na kusema asante mzee, Mungu akuzidishie. Mshahara ulikuwa umechelewa na wanangu walikuwa na njaa kama watoto wengine. Mama Edeltruda alipopewa kipaza sauti yeye alikitazama, akakirudisha, akabeba kiroba chake. Watu walidhani ameona haya. Mimi asante yangu ile inaniwasha ulimi mpaka leo.

Uchaguzi ulipofika akagombea udiwani, na hakuna mtu wa maana aliyethubutu kusimama dhidi yake. Ungesimama jukwaani useme nini juu ya mtu aliyewalisha wenzako?

Siku moja, akiwa tayari diwani, nilikwenda nyumbani kwake kwa mambo ya shule. Mkewe, mama mpole asiyekuwa na makuu, akatutengea ugali kwa usipa wa kukaanga. Nikafunua sahani. Ugali ulikuwa wa kahawia, dona tupu.

"Mheshimiwa," nikamwuliza, "hii imesagwa wapi?"

"Si hapo chini. Daktari amenikataza sembe, Mwalimu. Sukari inapanda."

"Na chekeche?"

Alinitazama kidogo, halafu akacheka, akacheka mpaka akatoa leso kufuta macho. "Mwalimu bwana. Kula, ugali unapoa." Nikala. Dona yake ilikuwa tamu, na hilo nalo liliniudhi.

Alikuwa na kipaji, sitamnyima. Huku juu alihutubia kwa Kimatengo cha wazee, kile ambacho vijana wanakisahau. Akiteremka ziwani, kabla lori halijafika Kingerikiti, ameshavua koti na anaongea Kinyasa na makuli kama mtu aliyekulia ufukweni. Juu alikuwa mtoto wa milima, chini alikuwa mtoto wa ziwa. Alipenda kusema, "Mimi si mwanasiasa, mimi ni mtu wa kazi." Na akiulizwa kazi iko wapi, alikuwa na jibu jingine: "Mtaji wa maskini ni subira yake." Wahenga walisema nguvu zake, yeye alizitoa nguvu, akaweka subira, na watu wakampigia makofi bila kusikia kwamba kuna kitu kimeondolewa.

Darasa letu jipya lilijengwa na wazazi. Wanaume walifyatua tofali, wanawake wakasomba mchanga kutoka mtoni, parokia ikatupa bati zilizobaki. Siku ya ufunguzi alikuja na mkasi wake mwenyewe mfukoni, akakata utepe, akasema, "Nimewaletea darasa." Tena aliposema nimewaletea, machozi yalimlengalenga. Nadhani aliamini. Hicho ndicho kitu kilichonitisha kwake kuliko uongo: mwongo anajua ukweli uko wapi, lakini huyu alikuwa amekwisha kuusaga wote.

Kituko kikubwa kilikuwa siku ya ngolo. Wageni walikuja na kamera kutazama vile vishimo ambavyo Wamatengo wanalimia kwenye miteremko ili udongo usikimbie. Kazi hiyo ina mgawo wake tangu mababu: wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza, wanawake wanazifukia kwa jembe. Mheshimiwa, kwa kuwa kamera ilikuwa upande wa wanawake, alinyakua jembe na kuingia mstari wa wanawake, akafukia kwa bidii huku anatabasamu. Wageni walifurahi sana kuona kiongozi anachapa kazi. Mama Edeltruda, aliyekuwa kando yake, akasema kwa sauti yake isiyojua kunong'ona, "Leo tumepata mke mwenzetu." Picha ilitoka vizuri, ila ukiitazama utaona wanawake wote nyuma yake wamefunika midomo kwa kanga.

Kwenye misiba ndiko alikokuwa mtu mwingine, au ndivyo nilivyodhani. Lori lake halikuwahi kukataa maiti. Mtu akifia hospitali mjini, au akifa ziwani ndugu wakitaka azikwe huku juu, Mheshimiwa alikuwa anatoa lori, dereva na mafuta, hapokei kitu. Ukijua barabara zetu za masika utaelewa maana yake. Mume wa Mama Edeltruda alipofariki, lori lilikwama njiani kwenye mvua, na Mheshimiwa mwenyewe alishuka na kusukuma, suruali yote tope, akafika na jeneza msibani amelowa chapachapa. Nililia kwa ajili ya marehemu, na kidogo nililia kwa ajili yake pia. Nikajisemea, labda tumemwonea mtu huyu.

Wakati huo wanawake wa ng'ambo, Mama Edeltruda akiwa mwenyekiti wao na mimi mweka hazina, tulikuwa tumeamua kuwa na mashine yetu. Tulichoka kushuka na kupanda. Wajawazito walikuwa wanateleza kwenye mteremko ule, na mmoja alipoteza mimba kwa kuanguka na debe kichwani. Kuna siku Mama Edeltruda aliniambia tukiwa tunapumzika katikati ya kilima, mizigo imewekwa chini: "Mwalimu, mimi nataka nisage hapa juu, nirudi na unga wangu na pumba zangu. Nikishalipata hilo, siombi kitu kingine serikalini." Tulifyatua tofali, tukajenga banda, tukapata mashine ya umeme ambayo mtu mmoja wa Mapera alikuwa anaiuza kwa kuhama. Tuliifunika turubai ikasubiri. Ilibaki umeme tu.

Na umeme ulikuwa unakuja. Nguzo zililetwa, zikasimamishwa toka barabara kuu, zikateremka bondeni, zikafika mashineni kwa Mheshimiwa, zikapanda mpaka nyumbani kwake, zikaishia hapo. Uani kwake, chini ya mparachichi, yakalazwa magogo marefu ambayo hakuna aliyeuliza ni ya nini. Tulipouliza, alisema ng'ambo tuko awamu inayofuata. Tukasubiri awamu. Mvua zikaja zikaondoka. Banda letu likaota majani mlangoni.

Mkutano ninaoukumbuka ulifanyika uani kwake. Watu walikuwa wengi na viti vichache, kwa hiyo wanawake tulikaa kwenye yale magogo marefu chini ya mparachichi, ambayo watu walikwisha kuyazoea kama mabenchi. Mama Edeltruda alinyoosha mkono. Alisimama, akafunga kanga vizuri kiunoni, akamwamkia kwa adabu, ingawa marahaba ilikuwa imeshatangulia.

"Mheshimiwa, tunaomba kujua umeme wa ng'ambo. Mashine tunayo, banda tunalo. Watoto wetu wanaanguka na mizigo kule kwenye mteremko. Tumeambiwa nguzo hazijatosha. Zitatosha lini?"

Hakukasirika. Alikunja leso yake, akaiweka mfukoni, akamwuliza kwa ile sauti ya upole aliyonijibu nayo siku ya kwanza.

"Mama Edeltruda, mumeo nani alimleta nyumbani?"

Uwanja wote uligeuka kumtazama. Mama Edeltruda alishika fundo la kanga yake.

"Nauliza kwa wema tu. Siku ile ya mvua, nani alimleta?"

"Ni wewe, Mheshimiwa."

"Basi. Mtu aliyekuletea mumeo atashindwa kukuletea umeme? Kaa, mama. Subira."

Akakaa. Hakulia, ila nilikuwa ubavuni mwake na mkono wake ulikuwa baridi kama chuma cha asubuhi. Watu walianza kupiga makofi, kwanza wachache, kisha wengi, na mimi nikajua kwamba lile lori nililolilia lilikuwa limebeba maiti ya mume wake na kipaza sauti cha siku hii kwa pamoja. Niliinuka nikaondoka mkutano ukiendelea. Tangu hapo, salamu zangu kwake zilikuwa za meno.

Kilichomwangusha si sisi. Ningependa kusema ni sisi. Alichoka na udiwani, akautaka ubunge, tena ubunge wa kule chini ziwani, ambako alisema ndiko kulikobaki nyuma na kunahitaji mtu wa kazi. Udiwani wetu akauacha kama mtu anavyoacha malapa mlangoni. Habari za huko nilizipata kwa dada yake Mama Edeltruda, aliyeolewa ziwani na anachuuza usipa, na alipotuhadithia alikuwa analazimika kusimama ili acheke vizuri.

Siku chache kabla ya kura za maoni za chama, Mheshimiwa aliteremka na lori limejaa viroba vyenye chapa ya mashine yake. Wajumbe wakaitwa uwanjani. Akawaambia kwa Kinyasa kitamu kwamba anajua ziwani wanakula muhogo mwaka mzima si kwa kupenda, kwa hiyo amewaletea kidogo kilicho bora kutoka mashineni kwake. Kila mjumbe akapata kiroba chake, wakashukuru kwa kipaza sauti, wakaenda nyumbani, wanawake wakabandika maji. Walipofungua viroba, zilikuwa pumba. Lori zima, pumba tupu.

Kuna wanaosema makuli walikosea stoo, maana viroba vya sembe na vya pumba vilikuwa na chapa moja. Kuna wanaosema makuli hawakukosea. Mimi sijui, na wale vijana kila nikiwauliza wananiita Mwalimu na kuniangalia viatu. Ninachojua ni kwamba ziwani pumba ni chakula cha nguruwe na pia ni maneno ya mtu asiyejua anachosema, na Mheshimiwa aliwapa wajumbe zote mbili kwa siku moja. Walimbatiza jina hapo hapo: Mheshimiwa Pumba. Kura alizopata, dada yake Mama Edeltruda anasema hazikujaza kofia. Lakini kilichonistaajabisha ni jinsi alivyojitetea. Alipoambiwa kilichotokea, hakuomba radhi. Aliuliza, "Kwani kule juu si nilizigawa, wakashukuru?"

Diwani aliyemfuata ni kijana asiye na maneno mengi. Jambo la kwanza alilofanya ni kuja na mafundi wa umeme uani kwa Mheshimiwa, wakainua yale magogo chini ya mparachichi, wakayapakia kwenye trekta. Hapo ndipo tulipofahamu. Zilikuwa nguzo zetu. Za ng'ambo, zilizoletwa pamoja na zile za kwanza, zikalazwa pale tukazikalia huku tukimwomba. Mama Edeltruda alipita mkono juu ya moja, mahali ambapo makalio yetu yalikuwa yamepalainisha, akasema, "Hii nilikalia mimi." Kabla ya wiki kwisha, taa iliwaka bandani.

Mashine yetu ina vinu viwili kama ile, na ina sheria moja ambayo wote tunakumbuka ilitungwa na nani. Mama Edeltruda aliitamka siku ya kwanza, unga bado moto: kila mtu anaondoka na pumba zake. Anayefuga atalisha, asiyefuga atauza au atampa jirani. Mwanzoni wanawake walikuwa wanazisahau. Wanafika nusu ya njia wanaitwa warudi, "Mama fulani, umeacha pumba zako," na wanarudi wanacheka kama watu waliookota kitu.

Mwaka jana, wakati wa baridi ile ya mwezi wa saba, nilikuwa bandani nasubiri zamu yangu. Ukungu ulikuwa haujainuka. Mheshimiwa akatokea mlangoni na fimbo, ndoo ndogo ya mahindi mkononi na kiroba kitupu kimekunjwa kwapani. Mashine yake ya bondeni ilikwisha kufungwa, lori aliliuza, nguruwe walikufa kwa homa. Alikuwa amekonda. Alisimama akihema kwa kile kilima, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikawahi.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

Aliweka ndoo chini kwanza. "Marahaba, Mwalimu."

Alisagiwa dona, kama kawaida yake. Alipomaliza hakuondoka. Alifunua kiroba chake, akamgeukia Mama Edeltruda.

"Na pumba je? Nimebaki na ng'ombe mmoja, na majani ndiyo hayo unayaona yamekauka."

"Kila mtu na zake, Mheshimiwa."

"Najua. Nauliza za mashine."

Mama Edeltruda alizima kinu ili asikike, ingawa yeye hahitaji.

"Mashine haili, Mheshimiwa."

Nilitazama usoni mwake nione kama limefika mahali. Alitikisa kichwa taratibu, na nadhani kwa kitambo kidogo lilifika. Kisha akawaona wanawake kwenye foleni, na nikaona mgongo unanyooka, nikajua tumempoteza.

"Akina mama," akasema, akakohoa. "Nafurahi kuiona mashine hii. Mtakumbuka umeme huu tuliupigania kwa shida. Nguzo zilikaa nyumbani kwangu mimi, nikizilinda."

Wakapiga makofi. Ni adabu tu. Mzee amesema, unapiga makofi. Na Mama Edeltruda, ambaye hakupiga, alichukua ndoo ya pumba zake mwenyewe za siku ile, akaja, akazimimina zote kwenye kiroba cha yule mtu, akakifunga kwa kamba, akamwekea begani. Hakumpa kipaza sauti. Hakumwuliza nani alimleta. Mheshimiwa alikipapasa kiroba, akasema, "Haya, mwendelee hivyo hivyo," kama amekuja kukagua.

Halafu akanigeukia mimi, akaitazama ndoo yangu ya pumba, maana nilikuwa nimeshakoboa.

"Mwalimu, zako nilikuwa namwekea ng'ombe. Unakumbuka."

"Nakumbuka."

"Huyu niliyebaki naye ni wa uzao wa yule yule. Mweusi."

Alisema kweli. Katika mambo yote aliyowahi kuniambia, hilo ndilo lililokuwa la kweli kuliko yote, na alilisema bila mbwembwe, uzee umemjaa machoni. Nikamtazama Mama Edeltruda anavyokung'uta unga mikononi, mikono ile ile niliyoishika siku ile ikiwa baridi. Nikavuta ncha ya kanga yangu, nikafunika ndoo. Nikamwambia kwaheri.

Mimi sifugi chochote. Nilipanda na ndoo yangu mpaka nyumbani kwa Mama Edeltruda, nikapita nyuma ya jiko, nikaenda kwenye banda la nguruwe wake, mahali ambapo katika ujirani wetu wote sikuwahi kukanyaga, nikazimwaga pumba zangu horini kwa mkono wangu mwenyewe. Walikuja mbio, wakanigonga gonga vidole kwa pua zao. Sikuondoa mkono mpaka ndoo ilipokwisha.

Mama Edeltruda alinikuta pale, mzigo wake bado uko kichwani. Alinitazama, akawatazama nguruwe, akanitazama tena.

"Mwalimu. Na yule ng'ombe?"

"Pumba ni zangu," nikamwambia.

Aliutua mzigo, akaenda jikoni, akarudi na kata ya maji na kipande cha sabuni, akanimwagia nikanawa.